Logi za Kusikilizwa

Wenzake kazini walimwita Kaka Mkubwa, na si kwa ajili ya mwili, maana mwili hakuwa nao. Walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyetangulia kuajiriwa katika kampuni ile ndogo iliyotengeneza programu ya miadi kwa kliniki za meno. Mgonjwa anapangiwa siku ya kumwona daktari, na siku hiyo ikikaribia anatumiwa ujumbe wa kumkumbusha. Nusu ya programu hiyo aliiandika Kaka Mkubwa, enzi hizo macho yake yakiwa mazima.

Macho yalianza kufifia pembeni, kisha katikati, na daktari akamwambia waziwazi kwamba hayatarudi. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akijifunza kutembea na fimbo nyeupe na kutumia kompyuta kwa masikio. Kisoma-skrini, yaani ile programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, alikizoea upesi kuliko alivyotegemea. Kuandika programu nako hakukumshinda, vidole vilikuwa bado vinajua njia. Siku aliyorudi kazini meneja alimpokea kwa moyo mkunjufu, akampa meza yake ileile, na Kaka Mkubwa akajisemea kwamba mambo yatakuwa shwari.

Kilichomtoa jasho ni logi.

Programu yoyote ya maana huandika logi, mistari mifupi inayoeleza inachokifanya, ili siku kosa likitokea mafundi wajue lilianzia wapi. Mwenye macho huipitia harakaharaka, anaruka asichokitaka, anasimama penye maandishi mekundu. Kaka Mkubwa hakuwa na namna ya kuruka. Kila mstari ulianza na mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika, sekunde na vipande vya sekunde. Ikafuata namba isiyo na kichwa wala miguu, kisha jina refu la sehemu ya programu lenye nukta chungu nzima. Ile sauti ilivitamka vyote bila huruma: sifuri, tisa, kistari, sifuri, nukta, nukta. Mpaka ifike kwenye maneno yenyewe, yeye ameshasahau alikuwa anatafuta nini, na kabla hajavuta pumzi mstari mwingine umeshaingia.

Aliona haya kusema. Kosa likitokea, alijifanya ameshikwa na kazi nyingine, akawaachia wenzake. Wenzake nao, kwa kumstahi, hawakumwuliza, na huko kustahiwa ndiko kulikomuumiza zaidi.

Jioni moja mkewe, aliyekuwa akishonea watu nguo pale sebuleni, alisimamisha cherehani aliposikia mumewe anavyovua viatu.

"Leo umerudi kama mtu aliyetoka mazikoni," alisema.

"Nimechoka tu, mama watoto."

"Kuchoka kwako nakujua. Huku siko."

Kaka Mkubwa akapapasa kiti, akakaa. "Ijumaa nitamwambia meneja naacha kazi. Fundi asiyeweza kutafuta kosa ni mzigo kwa wenzake."

Mkewe hakubishana naye. Alikata uzi kwa meno, akaiweka nguo pembeni, akaja kukaa karibu yake. "Hicho kinachokushinda, umemwambia nani huko kazini?"

Kaka Mkubwa akainama, akavipanga viatu vyake chini ya kiti.

"Basi hujamwambia mtu. Mwambie mmoja kwanza, ndiyo uache."

Aliyekaa meza ya mbele yake alikuwa dada mmoja waliyempachika jina la Pilipili, kwa jinsi ulimi wake ulivyokuwa hauna breki. Kesho yake asubuhi Kaka Mkubwa alikuwa amevaa hedfoni, anahangaika na logi, Pilipili akamgongea meza.

"Kaka, mbona unahema kama umepanda ngazi za ghorofa nzima na wewe umekaa?"

Jibu la "hakuna kitu" lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza, akavua hedfoni, akamnyooshea. "Hebu sikiliza mwenyewe, dada. Fumba macho usikilize."

Pilipili akavaa. Kaka Mkubwa akasubiri kicheko, lakini hakukisikia.

"Hiki ndicho unachosikiliza kutwa nzima?" aliuliza hatimaye, sauti ikiwa chini.

"Ndicho."

"Mimi ningekuwa nimeshaibwaga hii kompyuta nje ya dirisha." Akavuta kiti, akaja upande wake. "Sasa niambie. Ungepewa hiari, ungetaka kusikia nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa, wala hakuwahi kujiuliza. Ikambidi afikiri. "Kwanza niambiwe kama ni taarifa, onyo au kosa. Halafu kilichotokea. Muda uje mwisho, saa na dakika, basi. Na ile sehemu ya kuhifadhi data, inayotangaza kila ikifungua mlango na kila ikiufunga, inyamaze mpaka ipatwe na shida." Akasita. "Lakini siwezi kuwaharibia wenzangu logi zao kwa ajili yangu."

"Nani kasema zao zitaguswa?"

Hapo ndipo Kaka Mkubwa alipojishika kichwa. Maktaba ya logi waliyoitumia, ule msimbo wa tayari waliouchukua ili wasiandike kila kitu wenyewe, aliifahamu nje ndani. Alijua mipangilio yake inakaa kwenye faili lake peke yake, nje ya programu. Alijua programu moja inaweza kupeleka logi zake sehemu mbili tatu kwa wakati mmoja, kila sehemu na mtindo wake na kiwango chake, huku kila kitu, kule makosa matupu. Wafanyakazi wapya wote aliwafundisha jambo hilo yeye. Ila haikumjia hata siku moja kwamba mojawapo ya sehemu hizo ingeweza kuwa yeye.

Pilipili akafungua faili la mipangilio, akaanza kuandika huku Kaka Mkubwa akimwelekeza. Msimbo wa programu yenyewe hawakuugusa. Jaribio la kwanza halikutoa sauti yoyote. Kaka Mkubwa akatega sikio, akangoja, wapi.

"Umeniziba masikio," alisema.

"Nimekuwekea kiwango cha makosa peke yake. Hongera, mfumo wako hauna kosa."

Wakacheka mpaka meneja akachungulia mlangoni. Walipolegeza kiwango na kuwasha tena, sauti ikaanza kwenye hedfoni, na safari hii ikaanza na neno: taarifa, miadi imehifadhiwa, saa nne na dakika kumi. Taarifa, ujumbe umetumwa. Onyo, namba ya simu haijakamilika. Kaka Mkubwa akajikuta ameegemea kiti, mabega yameshuka. Hakuhitaji kupigana na mstari wowote. Ijumaa ilipofika alikuwa kazini, na kwa meneja hakwenda.

Haikuchukua muda kliniki moja ikapiga simu. Wagonjwa walikuwa wanakumbushwa mara mbili, na babu mmoja alikuwa amefika mapokezi amefura, kwamba jino lenyewe limeshang'olewa na bado wanamsumbua, tena kwa kurudiarudia. Kaka Mkubwa akasema hilo kosa alitafute yeye. Kwenye logi zake akaiachia sehemu ya kutuma ujumbe iseme kila inachofanya, nyingine zote akazituliza, kisha akafumba macho kwa mazoea akasikiliza. Ujumbe umetumwa. Jibu limechelewa. Ujumbe umetumwa. Akairudia tena mistari hiyo, kisha akamwita Pilipili, wakasikiliza pamoja, kila mmoja na upande wake wa hedfoni. Kampuni ya simu ikichelewa kujibu, programu ilidhani ujumbe haukwenda, ikatuma mwingine. Kabla ya kutoka kazini walikuwa wameshalirekebisha.

"Na jino la babu?" meneja aliuliza.

"Hilo ni karani wao kasahau kufuta miadi," Pilipili alisema. "Sisi hatung'oi."

Walipobaki wawili, Kaka Mkubwa akageukia upande sauti ya Pilipili ilikotoka. "Dada, ahsante."

"Ahsante ya nini? Vimistari vichache vya mipangilio."

"Usinikatishe. Nilikuwa naondoka. Nilishamwambia na mke wangu."

Pilipili akainuka. Alimshika bega, akaliachia, akarudi mezani kwake.

Nyumbani mkewe alisikia habari yote, akanyoosha mkono. "Lete simu nimshukuru mwenyewe." Ilipopokelewa, hakuzunguka. "Wifi yangu, umenirudishia mume wangu. Sijui nikwambie nini."

"Wifi, maneno yote aliyasema yeye. Mimi niliandika tu."

"Ulimuuliza," mkewe alisema. "Mimi nashukuru kwamba ulimuuliza."

Kisha mkewe akamwomba vipimo vya bega na kiuno, akitaka amshonee gauni, na Pilipili akasema kiuno chake ni siri ya serikali, na wote wawili wakaangua kicheko. Kaka Mkubwa akakaa kando yao anasikiliza, hana haraka ya kurudishiwa simu yake.