Kamusi na Wageni Kumi na Mmoja

Watu wa bandarini walimwita Kamusi, maana hapakuwa na jiwe la mji ule asilolijua. Kwa miaka thelathini na nne aliwatembeza wageni walioshuka melini: lango la forodha, ngome kongwe, soko la samaki, hadi mnara wa taa, ambako aliwapandisha ngazi huku akiwachekesha wasahau magoti yao.

Binti yake alikuwa mkata tiketi pale ngomeni. Asubuhi moja mlinzi wa bandari alimpigia simu.

"Dada, njoo umchukue mzee. Ana wageni, na sijui anawaonyesha nini."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu daktari amkataze mzee kazi kwa sababu ya usahaulifu uliomwanza. Binti alifunga dirisha la tiketi, akatoka mbio.

Alimkuta mbele ya ukuta wa makontena, koti lake la kazi kalivaa juu ya nguo za kulalia. Wageni kumi na mmoja walimzunguka, wakimsikiliza.

"Hili ndilo jumba la sinema," alikuwa akisema. "Na pale, chini ya saa kubwa, ndipo nilipomwona mke wangu mara ya kwanza. Anakula karanga, hata jicho hakunitupia!"

Jumba lile lilibomolewa zamani, gati lipanuliwe. Saa iliishia kwenye vyuma chakavu. Na huyo mke, mama yake binti, walimzika miaka sita iliyopita.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimnong'oneza binti, "Tumejua tangu sokoni, mwanangu. Lakini anasimulia vizuri mno, tukaona haya kumkatiza."

Binti akamshika mzee mkono. "Baba, twende nyumbani."

Kamusi akamtazama kwa adabu, adabu ya kazini. "Karibu, bibie. Umechelewa kidogo, ila hujakosa mengi. Umetoka mbali?"

"Mbali kiasi," akajibu.

"Basi kaa karibu nami, usije ukapotea."

Binti akaandamana naye mpaka mzee alipochoka, wageni wakampa mkono mmoja mmoja, wakaenda zao. Kwenye teksi mzee alilala begani kwa binti.

Tangu siku hiyo mlango wa nyumbani ulifungwa kwa ufunguo. Kila honi ya meli ilipolia, mzee alivaa viatu, akasimama pale mlangoni, akabisha polepole kwa ndani, akiomba afunguliwe. Binti alikaa jikoni, ufunguo mkononi, akilia bila sauti.