Kigezo Kilichopungua Unywele

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Wifi yangu aliwatangazia majirani kwamba shuka la viraka nililolibuni mimi ni ubunifu wake, nikaapa kumkomoa. Alipoazima kigezo changu cha kadibodi cha kuchorea viraka, kabla ya kumpa nilikisugua ukingo mmoja kwa tupa yangu ya kucha, upana wa unywele tu. Akakata viraka mia mbili. Alipoviunga, shuka likapinda hadi kona moja ikachungulia jikoni! Nilicheka mbavu zikauma.

Akaja na kigezo mkononi.

"Panya hao wamekitafuna, wifi yangu," nikamwambia.

"Panya gani anapaka kucha rangi nyekundu?"

Tupa ilikuwa imeacha vumbi la rangi ukingoni, jekundu kama kucha zangu.

Sasa nafumua shuka lake lote, na viraka vipya vinatoka kwenye gauni langu jipya.