Kidoa Kwenye Pafu la Edmund

Edmund alimpiga Isaka kwa mchi uani kwangu, Iyunga, mchana, kabla hata wali haujaiva. Wote ni kaka zangu, na mimi ndiye niliyewaita Mbeya.

Kanisani kwetu ilitangazwa kwamba kuna hospitali inapima watu waliovuta sigara miaka mingi, hata kama hawakohoi, ili saratani ya mapafu ikamatwe ikiwa bado ndogo. Nikawapigia simu Mafinga. Isaka ana miaka sitini na moja, Edmund hamsini na sita. Wamepasua mbao maisha yao yote, na pakiti moja kwa siku haiwatoshi. Wakaja na basi moja.

Kipimo chenyewe, CT scan ya mionzi kidogo, hakikumaliza dakika kumi. Unalala kitandani, kitanda kinaingia kwenye duara la mashine, unaambiwa ubane pumzi, basi. Siku ya tatu daktari akatuita.

"Mzee Isaka, kwako sijaona tatizo. Mzee Edmund, kuna kidoa hapa, milimita saba. Vingi vya namna hii si saratani, huenda ni kovu la ugonjwa wa zamani. Urudi baada ya miezi sita tuone kama kinakua."

Edmund alikunja karatasi ya majibu, akaitia mfuko wa shati.

Tulipofika uani Isaka aliwasha sigara. "Mimi nimevuta kuliko wewe," alisema, "na niko safi. Wewe ulizaliwa goigoi."

"Nani alinipa ya kwanza?"

"Mimi. Si ulitaka kuwa mwanaume?"

"Sikutaka. Ulinishika shingo."

Nilikuwepo siku hiyo, mtoto wa miaka sita. Isaka alimbana Edmund nyuma ya rundo la magogo, akamwekea sigara mdomoni, na kila alipokohoa akamchapa mkanda. Nilihesabu viboko mpaka namba nilizozijua zikaisha.

"Nyamaza," Isaka alisema, akamzaba kofi, kama tulivyozoea.

Edmund alichukua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu. Pigo la kwanza lilitua ubavuni, na nikasikia mfupa ukivunjika. La pili Isaka alilikinga kwa mkono, mkono ukapinda pasipo kiungo. Alipoanguka, Edmund alisimama juu yake akaendelea. Hakugusa kichwa wala miguu. Alipiga kifua tu, palepale, kama anayeyatafuta yale mapafu safi.

"Utangulie wewe," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Utangulie wewe kwanza."

Nilimshika kiunoni. Akanitupa, mdomo wangu ukagonga kinu, jino likatoka. Jirani yangu Anord aliruka ua na wenzake wawili, wakampokonya mchi, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha nao wakampiga mateke mpaka akatapika damu. Sikuwazuia. Nilikuwa nimemwinamia Isaka, ambaye midomo yake ilikuwa inageuka rangi na povu jekundu likimtoka kila alipojaribu kuvuta hewa.

Polisi walitupa PF3, fomu ya matibabu, tukamrudisha hospitali ileile. Mbavu nne zilikuwa zimevunjika, na moja ilikuwa imetoboa pafu la kulia. Wakampasua ubavuni akiwa macho, wakaingiza mpira, damu ikashuka kwenye chupa chini ya kitanda. Daktari aliyetusomea majibu asubuhi alisimama mlangoni na picha mpya ya kifua cha Isaka mkononi.

Pafu lile liliingia usaha. Wiki ya tano wakakata kipande.

Edmund aliwekwa mahabusu. Miezi sita ilipotimia nilimwandikia mkuu wa gereza, nikaandika tena, mpaka wakamleta na askari. Pingu zilifunguliwa ili anyooshe mikono juu ya kichwa ndani ya mashine. Alikuwa amekonda. Alipotoka hakuniangalia.

"Hakijakua hata kidogo," daktari alisema. "Kiko vilevile. Ningekuwa wewe nisingekiogopa."

"Rudia," Edmund alisema.

Daktari akarudia. Edmund aliinuka, akagonga paji la uso ukutani, akagonga tena, mpaka askari akamkaba na kumlaza sakafuni. Damu ilimwingia machoni. Alikuwa analia, na mimi nilisimama nikiwa nimekumbatia mkoba, sijui nimguse au nimwache.

"Anapumua vipi?" aliniuliza akiwa bado chini.

"Kwa shida."

Tulipewa kadi ya kurudi baada ya mwaka. Askari alisema hajui kufikia hapo mtu wake atakuwa gereza gani, hivyo nikaichukua mimi. Nilirudi nyumbani kumkalisha Isaka vizuri kwenye mito, maana kulala chali hawezi tena, na nikamwambia majibu ya Edmund.

Alifumba macho.

"Afadhali," alisema.