Ni Dhahiri

Leningrad nzima ilimjua Rimma Osipovna kwa mambo mawili: kanuni aliyoithibitisha ujanani, kwamba fuwele hata ikikua bila kikomo haisambaratiki, na ulimi wake. Bingwa huyo wa fizikia ya hesabu hakuwa na simile. Aliyekosea ubaoni kwenye semina yake alirudi kitini machozi yakimlengalenga, na mama huyo akaendelea kunywa chai yake.

Siku hiyo Timofei, mwanafunzi aliyempenda kuliko wote ingawa hakuwahi kumwambia, alikuwa anatetea tasnifu yake ya uzamivu mbele ya baraza. Chumba cha pili meza ilikwisha andaliwa, samaki wa chumvi na mikate ya kabichi. Kwao karamu huandaliwa kabla ya kura, maana hakuna anayetarajia mtu aangushwe.

Ndipo profesa mmoja, Stanislav Germanovich, akakohoa.

"Kijana, kurasa zote hizi za nini? Kanuni ya mwalimu wako inalimaliza jambo hili kwa mstari mmoja! Huijui, au darasani ulikuwa unasinzia?"

Watu wakacheka. Timofei aliigeuzageuza chaki mkononi.

"Jibu basi! Umemeza ulimi?"

"Sina jibu, Stanislav Germanovich."

Wajumbe wakaanza kunong'onezana. Asiyejua kanuni ile apewe shahada gani? Rimma Osipovna alipandwa na hasira. Mjinga huyu anaumbuka bure! Akautazama ubao atafute neno la kumnusuru. Akaona jinsi kijana alivyohangaika na kingo za fuwele. Yeye mwenyewe, alipofika kwenye kingo hizohizo katika kanuni yake, aliandika maneno ambayo wanahesabu huandika wakichoka kuthibitisha: "ni dhahiri". Haikuwa dhahiri. Haikuwa hata kweli.

Vitabu, nishani, jina, vyote vilijengwa juu ya maneno hayo mawili. Angenyamaza tu, kijana angeanguka na yeye angebaki na vyake. Na alitamani kunyamaza, tusimpambe.

"Hakuitumia kanuni yangu kwa sababu ni batili," akasema, akisimama.

"Rimma Osipovna, acha utani!"

"Lini nimekutania wewe? Mpigieni kura kijana."

Kura zikatosha. Wajumbe wakaelekea kwenye karamu wakimkwepa macho. Alimvuta Timofei kando, koridoni, ambako wanafunzi wake wengine walikuwa wakisubiri na maua.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na kila Alhamisi unakunywa chai yangu, unanitazama tu! Ungeniambia, ingekuua?"

Timofei alitazama viatu vyake. "Nilikuogopa, mwalimu. Sote tulikuogopa."

"Sote?"

Akageuka kuwatazama wale wenye maua. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso.