Waliohesabia Msalaba wa Kakule

Kambale alitaka kuona kila kitu, tena kwa miguu. Tangu saa moja asubuhi alikuwa amemkokota mkewe Angèle na shemeji yake Kanyere kutoka mtaa wa Katoyi, Goma, hadi Keshero kuangalia ziwa, kisha hadi katikati ya mji kuangalia kanisa kubwa lililobaki kuta tupu. Kila walipofika alishika kiuno, akasema, "Eh, Mungu!" halafu akapiga picha. Hata muuza makaa kando ya njia alipigwa yake.

Hakuwa na kosa. Kwa miaka minne njia ya Butembo ilikuwa imefungwa, waasi wa huku wakitawala huku na waasi wa kule wakitawala kule, na mtu wa kawaida akabaki pale vita vilipomkuta. Mwaka huo wa 2003 malori yalianza kupita tena, na Kambale akapanda la kwanza alilolipata, siku mbili juu ya magunia ya maharage. Alikuja kuona kaburi la mdogo wake. Mengine yote yalikuwa matembezi.

Mdogo huyo, Kakule, ndiye aliyekuwa mume wa Kanyere. Alikufa kwa homa mwaka ule ule njia ilipofungwa, akazikwa vizuri, kwa padri na nyimbo, katika makaburi madogo upande wa Munigi. Hapo hapakuwa na uongo. Lakini Januari ya 2002 volkano ilipasuka, moto ukapita juu ya makaburi, na ulipopoa ukawa mawe meusi, haukuacha msalaba wala njia wala mti wa kumwonyesha mtu kitu kilikuwa wapi. Mama mkwe akawa anauliza kila mwezi kwa fonie, ile redio ya mawasiliano ya wafanyabiashara: kaburi la mwanangu liko? Liko? Kanyere alichoka. Siku moja akapanda juu ya mawe yale meusi, akachagua mahali palipokuwa tambarare kidogo, akarundika mawe, akasimamisha msalaba wa mbao wenye jina la Kakule. Kisha akajibu kwa fonie: liko.

Sasa bibi yule alikuwa amemtuma Kambale na kopo tupu la maziwa. Alitaka aletewe udongo wa kaburi la mwanawe, uwekwe naye siku atakapozikwa mwenyewe. Kanyere alipoliona kopo lile usingizi ulimruka. Kumdanganya mtu kwa fonie ni jambo moja, kumdanganya hadi kaburini ni jingine. Aliapa kusema kweli kabla hawajafika Munigi.

Alijaribu ziwani. "Papa Kambale, kuna neno..."

"Ngoja kwanza, shemeji. Simama pale na Angèle, maji ionekane nyuma."

Alijaribu walipokula sambaza, vile visamaki vya ziwani, lakini Angèle alikuwa amevua viatu, anahesabu malengelenge na kuuliza kama Goma hakuna kiti cha mutu kukaa bila kupigwa picha. Alijaribu tena mjini, barabara ilipozikwa na mawe.

"Njo hii ilikuwa moto?" Kambale aliuliza, akilirukia jiwe.

"Njo hii."

"Na ninyi mulikimbilia wapi?"

"Gisenyi. Kisha tukarudi."

Alikuwa amewajibu hivyo wageni wengi kiasi kwamba mdomo ulisema peke yake. Mgeni hushangaa mara moja akaenda zake. Yeye mawe haya yalikuwa yanammalizia viatu kila siku, na juu yake alijenga, akapika, akafua. Miguu ilimuuma. Alichotaka ni kulala tu, hata wiki nzima.

Walipokaribia makaburi, Kambale alitangaza kwamba kamera imebakiza picha moja, na kwamba hiyo ni ya Mama. Kanyere akasimama.

"Papa Kambale, usikasirike. Ile kaburi yenye nilikuambia..."

"Ni ile yenye mwanamuke anafagia?" Angèle aliuliza.

Kanyere aliinua macho. Pale alipoacha msalaba mmoja palikuwa na misalaba minane, imepangwa kwa mstari ulionyooka, mingine imepakwa chokaa. Mwanamke aliyekuwa akifagia alikuwa Mukagasana, mjane aliyemzika mumewe wiki ile ile Kanyere alipomzika Kakule.

"Mama Kanyere! Karibu. Hii ni familia ya Butembo?" Mukagasana alimshika Kambale mikono yote miwili. "Papa, huyu mama njo alituokoa. Sisi wote tulipoteza bantu yetu humu. Yeye tu njo alijua fasi kaburi ilikuwa. Bwana yangu Twagirayezu alikuwa kaburi ya ine kutoka kwa Kakule. Nilipoona musalaba yake, nikahesabu. Wengine bakahesabia kwa yangu, mpaka pale mwisho."

Kambale alitazama ule uwanja mweusi usio na alama yoyote. Alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa kamba na vipimo.

"Shemeji, ulijuaje? Hapa hakuna kitu ya kuonyesha."

Fagio lilisimama. Kanyere aliutazama msalaba wa Twagirayezu, na kikombe cha maua kilichobanwa kwa mawe kisianguke. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Maneno aliyoyabeba tangu asubuhi yalikuwa tayari mdomoni, na Mukagasana alikuwa anayangoja pia.

"Ni hapa," alisema. "Nilijua tu."

Kambale akapiga magoti. Alitafuta udongo, akakosa, akakwangua changarawe nyeusi na kuijaza koponi huku akilia waziwazi. Kisha akamsimamisha Kanyere kando ya msalaba na kupiga picha ya mwisho. Kanyere alisimama alipoambiwa. Alijichukia, na zaidi ya kujichukia alikuwa amechoka. Alitamani mtu amwambie basi, twende nyumbani.

Mukagasana akamvuta pembeni.

"Muzee Habarurema anakungojea. Hii ni yenga ya tatu anakuja, kila siku ya misa."

Mzee mmoja mwenye koti la kuendea misa alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia magotini. Aliinuka kwa shida.

"Mutoto wangu, muke yangu alizikwa nyuma ya bwana yako, moja kwa moja. Lakini hatua ngapi, kichwa imesahau. Nionyeshe, na miye nipumzike."

Kambale alikuwa anafuta machozi, anawatazama. Kanyere alifikiri kusema hajui. Angemwambia mzee huyu hajui, na misalaba yote minane ingeanguka na neno hilo.

"Zilikuwa sita, muzee," alisema.

Akaupa msalaba wa Kakule mgongo, akaanza kutembea, akihesabu kwa sauti, na mzee akamfuata, akikanyaga pale pale Kanyere alipoinua mguu.