Kilo Zangu Tano

Chumba chetu kina kitanda changu, kabati, meza, na nafasi ya hatua tatu katikati. Katika hatua hizo tatu binti yangu aliamua kujenga misuli, na mimi, ambaye miguu imenigomea tangu kiharusi, nikawa mtazamaji asiyeweza hata kutoka nje kupunga upepo.

Kila asubuhi ni yale yale. Anajaza madumu mawili maji, anayanyanyua na kuyashusha mpaka mkeka unalowa. Anavaa begi la mgongoni lililojaa mchanga, anachuchumaa na kuinuka mara arobaini huku ananihemea usoni. Akipiga pushapu lazima kichwa kiingie mvunguni mwa kitanda changu, basi nasikia hesabu inatoka chini yangu kama kuna panya aliyesoma. Nilichoka! Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Mama, zimebaki kumi tu." Kumi zake haziishi.

Chanzo ni kifungua mimba wangu, kaka yake. Siku moja binti alikuwa ananitoa kitandani kunipeleka kwenye kiti, nguvu zikamwishia, tukaanguka wote wawili. Hatukuumia, ila jirani yetu, mke wa kinyozi, alisikia kishindo, na akisikia yeye basi wamesikia wote. Kesho yake kaka mtu huyo mlangoni.

"Nakupa miezi miwili," alimwambia dada yake. "Nikirudi nikute unamwinua Mama peke yako, bila kuyumba. La sivyo namhamishia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya nne. Yeye na mkewe wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na dirisha la chumba cha wageni linatazama ukuta. Hapa dirisha langu liko kando ya njia. Watu wananisalimia wakipita, nami nawasema wakishapita. Sikutaka kwenda. Kule ningekufa kwa upweke kabla maradhi hayajapata nafasi.

Binti naye hakutaka niende, lakini mwili wake ni wa karani. Anapokea vifurushi posta, na amevishika mpaka mkono wake unakutajia uzito kabla ya mizani. Ulikuwa unataja uzito wangu vizuri sana: alininyanyua nusu, akanirudisha, akakaa pembeni ya kitanda. Wiki ya tatu nikaona afadhali nimsaidie. Kama haba na haba hujaza kibaba, basi haba na haba hukipunguza pia. Sahani ya mchana anayoniachia nikawa naimwaga dirishani, wakala kuku wa jirani. Usiku nikawa nasema sina hamu.

Wiki ya saba akaniinua kwa mkupuo mmoja, hadi kwenye kiti. Alipiga kelele za furaha, akajigeuzageuza mbele ya kioo cha kabati. "Mama, gusa hapa!" Nikagusa. Msuli ulikuwepo kweli, mdogo, nikausifu kuliko ulivyostahili.

Jumapili ya kaka yake ikafika. Asubuhi mke wa kinyozi akachungulia mlangoni. "Mdogo wangu, nashukuru jamani. Kuku wangu wamenenepa kwa ule wali wa Mama wa kila mchana."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Binti alingoja jirani aondoke, akanishika mkono, akaupimapima.

"Kilo tano," alisema. "Mikono yangu iliniambia, nikaikatalia. Nikajidanganya ni misuli."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Kwa kujiua kwa njaa? Usinisaidie hivyo, Mama!"

Hatukumaliza. Kaka yake alikuwa amefika, na mfuko wa mchele mkononi, zawadi yangu. Binti aliupokea, akaupima kwa mkono, akaniwekea mapajani.

"Shika."

"Wa nini huo?" kaka mtu akauliza.

"Mama amepungua kilo tano mikononi mwangu. Nazirudisha."

Hapo nilikasirika. "We mtoto una wazimu? Ninyanyue hivi hivi yaishe!"

Hakunisikiliza. Aliinama, akapitisha mikono, akaniinua na mchele wangu. Magoti yalimtetemeka, mishipa ya shingo ikamtoka. Katikati ya chumba akasimama, pumzi zimekwisha, na kaka yake akanyoosha mikono kunipokea.

"Usimguse!"

Akapiga hatua moja, kisha nyingine, nikajikuta kwenye kiti.

Kifungua mimba wangu alisimama akijifuta jasho ambalo halikuwa lake. "Basi," alisema, "Mama atabaki."

Dada yake alikuwa ameketi sakafuni, anahema, machozi yanamtoka, ananitazama mimi tu, bado amekasirika. Nikamsukumia ule mfuko.

"Pika," nikamwambia. "Pika mwingi. Nina njaa ya mwezi mzima."