Kurasa Sitini kwa Siku

Kwa miezi minne Bi Nukta hakutambua kwamba alikuwa ameacha kusoma. Ni vigumu kuliamini jambo hilo kwa mtu ambaye kusoma ndiyo iliyokuwa kazi yake, aliyeketi mbele ya maandishi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na baadaye yeye mwenyewe hakutafuta maneno ya kulipamba.

Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya shule za watoto wasioona. Yeye pia alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka sita, na tangu hapo kila alichokisoma kilimwingia kwa njia moja tu, ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kazi ilifanywa na watu wawili. Mwenzake, mwanamume wa makamo mwenye sauti nzito, alikisoma kwa sauti kitabu cha wino, huku Bi Nukta akipitisha kidole juu ya karatasi nene iliyotoka mashineni. Palipolingana alisema, "Sawa." Palipotofautiana alisema, "Simama." Kwa kuwa mwanamume yule alishinda akitamka maneno ya watu wengine, walimwita Kasuku, naye hakukasirika, alisema afadhali kasuku kuliko kunguru.

Ganzi ilianzia kwenye ncha ya kidole hichohicho. Haikuuma. Ilikuwa kana kwamba kila karatasi imetandikwa kitambaa chembamba, na kila wiki mtu anaongeza kingine. Hospitalini daktari wa neva alimpima damu, akampiga picha ya shingo, akapitisha umeme mkononi, kisha akasema vipimo vyote ni vizuri.

"Sijui ni nini, mama," alikiri. "Tuangalie kwa miezi sita."

Bi Nukta alimshukuru. Alikuwa ametarajia kuogopa, lakini woga haukuja. Alirudi nyumbani, akaosha vyombo, akalala.

Dada yake ndiye aliyekataa kungoja. "Miezi sita waangalie nini, mdogo wangu? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sijaficha, dada. Nimeyaonyesha, hawakuyaona."

"Basi twende kwa wanaoyaona."

"Haya, nipeleke. Kati yetu wewe ndiye mwenye macho."

Wakawa wanatoka kila Jumamosi, dada mbele, Bi Nukta nyuma yake ameshika kiwiko. Wa kwanza alikuwa mkandaji, ambaye chumba chake kilinuka kafuri na taulo mbichi. Aliteremsha gumba kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mkono kama mtu anayekamua nguo, akasema mshipa umelala na kazi yake ni kuuamsha. Baada ya mara nne mkono mzima ulikuwa umeamka na kulalamika, isipokuwa kidole.

Wa pili alikuwa mama wa mitishamba. Alimpa dawa chungu ya kunywa, majani ya kuloweka mkono, na maswali mengi.

"Una kinyongo na nani?"

"Sina."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Mkono haufi ganzi bure."

"Labda na hii dawa yako, mama."

Yule mama alicheka mpaka akakohoa, akamwongezea chupa ya pili bure. Bi Nukta aliimaliza kwa heshima. Hakuona tofauti, wala hakusikitika kwamba hakuiona.

Wa tatu alikuwa mtaalamu wa sindano, ghorofani juu ya duka la viatu, ambako harufu ya gundi ilipanda mpaka kitandani. Huyu alisema machache. Alichoma sindano nyembamba kama nywele, akaandika kila kitu kwenye kadi, na kila wiki akauliza swali lilelile.

"Kazini vipi?"

"Nasoma kurasa sitini kwa siku, kama zamani."

"Kwa kidole hichohicho?"

"Hichohicho."

Kalamu ikakwaruza kadi. "Basi tunaelekea pazuri."

Kwenye ngazi dada yake alilia kwa furaha, akiuminya mkono wake usio na ganzi. Bi Nukta aliingoja furaha ifike na kwake, kama mtu anayengoja lifti na kuisikia ikipita ghorofa yake bila kusimama. Alidhani ni uchovu. Kwa uchovu huohuo, jioni hakusoma tena. Hadithi aliyoipenda ilikaa kando ya kitanda, imefunguliwa ukurasa uleule tangu miezi ile ya mwanzo, naye akawasha redio. Hakujiuliza kwa nini kidole kinachomudu kurasa sitini mchana kinashindwa na mstari mmoja nyumbani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumsomea.

Kisha ikaja barua kutoka kwa mwalimu wa shule mojawapo. Mkuu wa kiwanda aliisoma mbele ya wote: kitabu cha hesabu kina tarakimu zisizo sahihi, watoto wamekokotoa vizuri na wamekoseshwa. Mkuu aliilaumu mashine. Fundi alibadilisha pini zote, akiapa kwamba zile za zamani hazikuwa na kosa. Ikaja barua ya pili.

Siku mbili baadaye walikuwa wakisahihisha kitabu cha darasa la nne. Kasuku alisoma, Bi Nukta akapitisha kidole.

"Mkulima ana machungwa arobaini na sita."

"Sawa."

"Akawagawia majirani wanane."

"Sawa. Endelea. Mbona umenyamaza?"

Kiti cha Kasuku kililia. "Bi Nukta, usinichukie."

"Sema."

"Machungwa ni thelathini na sita. Majirani ni tisa. Kitabuni ni hivyo, na kwenye karatasi yako ni hivyo, nimekodoa macho nikazihesabu nukta. Nimekudanganya tangu asubuhi. Mara saba."

"Na mimi nimesemaje?"

"Sawa. Mara saba."

Alirudisha kidole mwanzoni mwa mstari. Tatu na nne hutofautiana kwa nukta moja tu, lakini kidole hakikumwonyesha hata hiyo moja. Kilimpa karatasi laini, ukingo wake, ubaridi wa meza. Hapo ndipo alipoelewa kwamba amekuwa akisikiliza. Sauti ilikuja kwanza, kidole kikaifuata kwa mwendo wake wa miaka ishirini, na akili ikakisifu kidole.

"Kumbe unasoma vizuri, Kasuku," alisema.

"Heri ningesoma vibaya mapema zaidi."

Akaenda ofisini kwa mkuu akiambaa ukuta, akaeleza kwamba makosa ya wachapaji yamekuwa yakimpita bila yeye kuyagundua. Aliomba fundi aombwe radhi na vitabu vya miezi minne vikaguliwe upya. Mkuu alimuuliza kama bado anaweza kazi. Akajibu kwamba hajui, apewe wiki moja.

Jumamosi dada yake alikuja amevaa viatu vya safari. "Mtaalamu wa sindano anatungoja."

"Mwambie nilimpa habari za uongo. Sikujua kuwa ni za uongo, lakini ni zangu."

"Basi yuko mwingine, anatibu kwa nyuki..."

"Dada, kaa. Zima redio."

Mezani palikuwa na karatasi ya alfabeti, ile wanayofundishiwa watoto. Katika chumba kisicho na sauti Bi Nukta alivijaribu vidole kimoja kimoja. Shahada ya kushoto, hakuna. Cha kati, hakuna. Akahamia mkono wa kulia, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia karatasi tu. Shahada, ukungu. Kidole cha pete kikagusa vitu viwili vidogo, vimepangana wima.

"B," alisema.

Dada aliinama akatazama, ingawa hakujua kusoma nukta. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo. Usiniambie neno mpaka nimalize."

Ilimchukua karibu saa nzima kufika mwisho wa alfabeti, na mara mbili alikosea akarudi.

Mkuu alimbakiza kazini kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesoma kwa sauti, na Kasuku afuatilie kwenye kitabu cha wino. Sasa Bi Nukta anasoma kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, kurasa kumi na moja kwa siku. Kidole cha shahada bado kina ganzi, na Jumamosi haendi popote.